Daftari la Frateri Lisigeuke Daftari la Mashtaka



Kila mwaka baadhi ya mafrateri wetu hutoka seminarini wakiwa na madaftari mikononi. Wengine wako katika mwaka wa kichungaji, wengine wako likizo na wanatafuta habari za kuandikia tasnifu. Mada zao tunazijua: mitambiko, mahari, majina ya ukoo, mazishi, ndoa za mitala, waganga wa kienyeji, nafasi ya wahenga katika maisha ya Wanyamwezi na Wasukuma. Ni kazi njema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, uliagiza kwamba wanaotumwa kwa watu wajifunze historia yao, mpangilio wa jamii yao na desturi zao. Hakuna utamadunisho bila kuujua utamaduni wenyewe.

Basi sina ugomvi na daftari. Ninachouliza ni kanuni zinazoliongoza. Frateri anapoketi chini ya mwembe na kumwuliza bibi wa miaka themanini habari za nyumbani kwake, bibi huyo analindwa na nini? Amekubali kuulizwa, au ameshindwa tu kukataa? Atakachosema kitakwenda wapi, kitasomwa na nani, na kitamrudia kwa sura gani?

Maoni yangu ni haya. Frateri anayekusanya habari za desturi za watu anafanya kazi ya mwanaanthropolojia, hata kama tasnifu yake imeandikwa "teolojia" kwenye jalada. Kwa hiyo anapaswa kufuata maadili ya kazi hiyo. Tena anapaswa kuyafuata kwa ukali zaidi kuliko mtafiti wa chuo kikuu, kwa sababu watu wetu hawawezi kumkatalia kwa urahisi, na kwa sababu wanachomwambia kinaweza kuwarudia kama adhabu ya Kanisa.

Waliopita njia hii kabla yetu

Sisi wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Nchi yetu imeulizwa maswali kwa muda mrefu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa, na pamoja na pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa, walipita pia watu wenye kalamu.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwezi Novemba mwaka 1857. Burton aliandika kurasa nyingi juu ya watu wa bara, na kitabu chake kilitoka mwaka 1860. Lakini hapa Kazeh aliishi kama mgeni wa wafanyabiashara Waarabu, na mwalimu wake mkuu alikuwa mmoja wao, Snay bin Amir. Mengi aliyoyaandika juu ya Wanyamwezi aliyapokea katika baraza ya watu ambao nao walikuwa wageni hapa, tena wenye mali na maslahi yao. Burton alikuwa na akili nyingi na masikio mepesi ya lugha. Hata hivyo dharau yake kwa Waafrika imejaa katika kitabu chake. Funzo la kwanza ni hilo: unakoketi ndiko kunakoamua utakachosikia.

Baadaye walikuja waliotanguliwa na bunduki. Mwaka 1893 Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe hapa Tabora. Katika miaka ya utawala wao, madaktari, maofisa na wasafiri walipeleka Ulaya vitu vya ibada, vyombo, na hata mafuvu ya watu ili yapimwe kwa jina la sayansi. Fuvu linalotajwa kuwa la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu. Hapo Berlin, taasisi inayosimamia majumba ya makumbusho ya serikali imechunguza mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya kwetu. Mwezi Novemba mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Maji Maji. Elimu iliyochukuliwa kwa nguvu huwa na deni lisilokwisha kwa kifo cha mwenye kuichukua. Wajukuu ndio wanaolilipa, na wajukuu ndio wanaolidai.

Kuna pia deni la jina. Mwaka 1903 Carl Velten alitoa kitabu cha desturi za Waswahili. Maelezo mengi ndani yake yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Aliyejulikana kwa kazi hiyo ni Velten. Ilibidi kusubiri tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro lisimame juu ya jalada. Mtu aliyeijua desturi kwa kuiishi alihesabiwa kuwa chanzo cha habari, na aliyeipanga akahesabiwa mwandishi.

Na sisi Wakristo tumo katika historia hii. Padre Fridolin Bösch, Mmisionari wa Afrika, aliandika juu ya Wanyamwezi kitabu kikubwa kilichochapishwa Münster mwaka 1930, kwa Kifaransa. Mmisionari wa Moravia, Wilhelm Blohm, aliandika kazi ya majuzuu matatu iliyochapishwa Hamburg kati ya mwaka 1931 na 1933, kwa Kijerumani. Ni kazi za heshima, na mengi yangepotea kama wasingeyaandika. Lakini hebu fikiri: wajukuu wa wazee waliowasimulia wangapi wanaweza kuvisoma vitabu hivyo? Neno lilitoka Unyamwezi likaenda Ulaya, na njia ya kurudi haikutengenezwa.

Mwanaanthropolojia hujiandaaje?

Wanaanthropolojia wenyewe walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1919 Franz Boas, mmoja wa waasisi wa elimu hiyo Marekani, aliandika hadharani kuwashutumu wenzake wanne waliofanya ujasusi kwa kisingizio cha utafiti. Chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilimkemea yeye aliyesema kweli, na hakikuifuta karipio hiyo hadi mwaka 2005. Mwaka 1971 chama hicho kilitoa kanuni za wajibu wa mtafiti, na zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kiini chake ni chepesi kukumbuka: usiwadhuru watu unaowachunguza, usiwafiche wewe ni nani na unafanya nini, pata ridhaa yao, linda siri zao, na wajibu wako kwao utangulie wajibu wako kwa anayekulipa.

Maandalizi huanza mbali na kijiji. Mtafiti makini husoma kwanza waliyoandika wengine, asije akawachosha watu kwa maswali yaliyokwisha kujibiwa. Hujifunza lugha. Katika jambo hili Kanisa lilitangulia: Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwataka wamisionari wake waweze kuzungumza lugha ya watu ndani ya miezi sita. Frateri aliyekulia Dar es Salaam au Moshi na kupangiwa kigango cha Urambo au Sikonge ajiulize kama Kiswahili chake kinatosha. Bibi atamjibu kwa Kiswahili kwa adabu, lakini maneno ya kilio, ya laana na ya baraka anayo kwa Kinyamwezi. Salamu ya "mwangaluka" pekee haifungui mlango huo.

Halafu kuna muda. Ray Abrahams, Mwingereza aliyefanya utafiti kati ya Wanyamwezi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoa kitabu juu ya utawala wa Unyamwezi mwaka 1967. Hakuishia hapo. Alirudi, akaandika kitabu kingine mwaka 1981 juu ya Wanyamwezi wa miaka ya 1970, na baadaye akaandika juu ya sungusungu. Kurudi huko kuna maana. Anayejua kwamba atarudi na kutazamana tena macho kwa macho na watu wale wale huandika kwa uangalifu kuliko anayejua kwamba ameaga moja kwa moja.

Kuna pia sheria za nchi. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Mwenye kibali hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Tangu mwaka 2023 tuna pia sheria inayofanya kazi ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyotungwa mwaka 2022. Wengi huona hatua hizi kama usumbufu. Mimi naona ni namna ya kubisha hodi. Lakini hodi ya serikalini haitoshi. Mtendaji anaweza kukuruhusu kuingia kijijini. Hawezi kumkubalia bibi kwa niaba yake mwenyewe.

Mfano mzuri zaidi wa kujiandaa uko Bagamoyo, mwanzo wa njia ile ile ya misafara. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja Tanganyika mwaka 1952 kama mmisionari wa Kilutheri, baadaye aliishi kijijini kati ya Wazaramo akichunguza ibada na alama zao. Katika miaka ya 1970 alikuwa kati ya walioongoza mradi wa Jipemoyo, ambamo watafiti na wanakijiji walitafuta pamoja ni tatizo gani lichunguzwe na matokeo yatumikeje. Wanakijiji walihesabiwa kuwa washiriki. Walikuwa na haki ya kusema, "Hilo si swali letu, swali letu ni hili."

Kwa nini frateri ana wajibu mkubwa zaidi

Sasa turudi kwetu. Mtafiti wa chuo kikuu akifika kigangoni, watu humpima. Huuliza ametumwa na nani, huahirisha, humpa majibu ya juu juu, na akiwachosha humwambia waziwazi kwamba wana kazi ya tumbaku. Frateri hapimwi hivyo. Anafika na katekista. Amepewa kiti cha kwanza. Kuku amechinjwa. Jumapili amesoma somo na ametoa tafakari. Kesho yake akisema, "Bibi, shikamoo, nina maswali machache," bibi anaitikia "marahaba, baba" kwa kijana anayelingana na mjukuu wake. Nani atamkatalia?

Hapo ridhaa inakuwa ngumu. Kukubali kwa mtu asiyeweza kukataa si kukubali. Bibi anaweza kudhani kwamba asipojibu, jina lake litasahaulika siku ya kupelekewa Komunyo ya wagonjwa, au mjukuu wake hatapokelewa kwenye mafundisho. Hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba sivyo.

Tatizo la pili ni la kuchanganya sauti. Frateri huyo huyo ni mgeni wa nyumbani, ni mtumishi wa Kanisa, ni mtafiti. Bibi anapomweleza kwamba mwanawe alipougua walikwenda kwa mganga na kumchinjia mbuzi babu yao, anasema na nani kati ya hao watatu? Huenda anamwaga moyo wake kama anavyofanya kwa padre. Anadhani yanaishia hapo. Lakini frateri hana mamlaka ya kitubio, na mazungumzo chini ya mwembe hayana muhuri wa siri ya maungamo. Kila neno limeingia daftarini.

Tatizo la tatu ndilo lililonifanya niandike. Daftari linarudi parokiani. Chukua mfano wa kigango ambacho frateri anaandika kwamba mitambiko ingali hai, na ili kuthibitisha anataja: mwenyekiti wa jumuiya fulani hutambika kila baada ya mavuno, katekista alikwenda kwa mganga mwaka juzi, mama fulani wa WAWATA ni mke wa pili kwa siri. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka alama nzuri. Lakini tasnifu inasomwa na mwalimu, mwalimu anamfahamu paroko, paroko anamfahamu katekista. Ndani ya miezi sita katekista amevuliwa kazi, mama amezuiwa Komunyo, na kigango kizima kimejifunza somo moja: ukimwona frateri na daftari, funga mdomo. Hivyo utafiti uliokusudiwa kuwakaribisha watu kwenye Injili unakuwa umewafukuza.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni kosa na paroko ana haki ya kujua. Nakubali kwamba paroko ana wajibu wa kuchunga. Lakini ana njia zake: mahubiri, kutembelea nyumba, mafundisho, kitubio. Hizo ni njia ambazo muumini anazijua, naye anajua anasema na mchungaji wake. Habari iliyotolewa kwa ajili ya elimu ikigeuzwa kuwa ushahidi ni hila, hata kama aliyeigeuza ana nia takatifu. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu isivyo halali, na inalinda haki ya kila mtu ya kuwa na faragha yake. Kanuni hiyo haisemi kwamba wanaotambika wametengwa na haki hiyo.

Tumtazame Bwana wetu kwenye kisima cha Yakobo. Alianza kwa kuomba maji, yaani alijifanya mhitaji mbele ya mwanamke yule. Alijua habari za waume zake. Wanafunzi waliporudi hawakusimuliwa chochote. Aliyeitangaza habari ile mjini ni mwanamke mwenyewe, kwa hiari yake, kwa maneno yake, na kwa furaha. Sijui mfano bora zaidi wa kutunza siri ya mtu huku ukimwacha awe msemaji wa maisha yake.

Maswali mawili mazito ya nchi yetu

Kwetu Tabora kuna mambo mawili ambayo mtafiti hapaswi kuyagusa kwa mikono mitupu.

La kwanza ni asili. Katika mitaa ya mji wa zamani kama Chemchem, Gongoni, Ng'ambo na Kanyenye wanaishi wajukuu wa watu waliofika kwa misafara: wapagazi, wafanyabiashara, askari, na watu walioletwa kwa nguvu kutoka Manyema na kwingineko. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Wazee wetu wamewaona kwa macho watu waliozaliwa katika hali hiyo. Wanahistoria wameanza kuiandika habari hiyo kwa makini. Dokta Salvatory Nyanto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika juu ya waliokuwa watumwa na jinsi walivyojenga jumuiya za Kikristo katika Unyamwezi, na ni historia ambayo Kanisa letu linapaswa kuijua. Lakini swali "babu yenu alitoka wapi?" likiulizwa sebuleni mbele ya wakwe linaweza kuvunja uchumba, kuamsha ugomvi wa urithi, au kumwaibisha mzee ambaye kwa miaka sitini amejitambulisha kwa jina la ukoo uliompokea. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtafiti mwenye adabu husubiri mwenye kata achote mwenyewe.

La pili ni uchawi. Huku magharibi na kanda ya ziwa tumeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho kuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa. Marehemu na walio hai wana majina. Msomi wetu Simeon Mesaki ameandika kwa kina juu ya mauaji hayo katika Usukumani, na alionyesha kwamba yana mizizi katika hofu, magonjwa, wivu na migogoro ya mali. Sasa frateri anayeandika katika daftari lake, "Wanakijiji wanasema fulani ni mchawi," amebeba kitu kinachoweza kuua. Daftari linaweza kupotea kwenye basi. Simu yenye sauti zilizorekodiwa inaweza kuibiwa au kuazimwa na rafiki. Jina la mtu aliyetuhumiwa halipaswi kuandikwa kabisa, hata kwa penseli.

Hapa ndipo maandalizi yanapodhihirika. Mtafiti aamue kabla ya kutoka atafanya nini akisikia kwamba maisha ya mtu yako hatarini, na awaambie watu tangu mwanzo kwamba siri zote atazitunza isipokuwa hiyo. Anayeanza kufikiri juu ya jambo hilo usiku wa tukio amechelewa.

Majibu kwa wanaopinga

Nimesikia hoja tatu dhidi ya msimamo huu.

Ya kwanza: "Frateri ni mtoto wa nyumbani, kanuni hizi ni za wageni." Mtoto wa nyumbani huaminiwa zaidi, na anayeaminiwa zaidi ndiye anayeweza kuumiza zaidi. Burton hakujua ndani kwetu kuna nini. Frateri anajua.

Ya pili: "Fomu za ridhaa zinawatisha watu wasiojua kusoma." Hoja hii ina ukweli. Kijijini, karatasi ya kutia dole gumba inakumbusha mikopo, kesi na mashamba yaliyopotea. Lakini fomu si ridhaa yenyewe. Ridhaa inaweza kutolewa kwa mdomo, mbele ya mtu ambaye bibi mwenyewe amemchagua, baada ya kuelezwa kwa lugha yake na kupewa siku mbili tatu za kufikiri. Watafiti wazoefu hufanya hivyo, na huuliza tena kila wanaporudi, kwa kuwa mtu ana haki ya kubadili mawazo.

Ya tatu: "Tasnifu ya frateri haisomwi na mtu, inakaa maktabani." Wamisionari wa Afrika walitakiwa kuandika shajara ya kila siku katika kila misheni. Waliandika kwa Kifaransa, kwa ajili ya wakubwa wao. Leo shajara hizo zinasomwa na watafiti wa dunia nzima, na ndani yake wamo watu wa Unyamwezi ambao hawakujua kwamba wameandikwa. Daftari huishi miaka mingi kuliko mwandishi wake. Na siku hizi halihitaji hata miaka mia: picha moja ya ukurasa ikiingia WhatsApp, imefika.

Tufanye nini?

Kwa seminari zetu napendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha. Kabla frateri hajatoka kwenda kuhoji watu, aandike ukurasa mmoja unaoeleza atamwuliza nani, nini, kwa nini, na nani anaweza kuumia. Ukurasa huo usomwe na watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke mlei, maana mambo ya unyago, uzazi na ujane mara nyingi huulizwa na wanaume na kupitishwa na wanaume. Frateri asifanye utafiti katika kigango anachokihudumia. Apelekwe kwingine, ili sauti ya mtumishi wa Kanisa na ya mtafiti zisichanganyike. Majina ya watu na ya vigango yabadilishwe tangu siku ya kwanza daftarini, isiwe siku ya kuchapa. Iandikwe wazi kwamba hakuna habari ya utafiti itakayopelekwa kwa paroko kwa ajili ya nidhamu, na maparoko waliafiki hilo kwa maandishi. Wale wanaotaka majina yao yatajwe kwa heshima ya elimu waliyoitoa, watajwe, wasije wakawa kina Mtoro wengine.

Mwisho, frateri arudi. Kazi ikikamilika aandike muhtasari wa kurasa tatu kwa Kiswahili, aende nao kigangoni, ausome mbele ya watu baada ya misa au katika jumuiya, na awaulize, "Nimewasikia sawasawa?" Watamsahihisha. Atajifunza katika saa moja hiyo mambo ambayo miezi mitatu ya maswali haikumpa.

Na kwenu waamini, hasa bibi na babu zetu wa vigangoni, nina neno moja. Frateri akija na daftari, mpokeeni, mpeni maji na karanga, mfundisheni. Lakini mna haki ya kumwuliza: mwanangu, hii unaandika kwa ajili ya nani? Na mna haki ya kusema, hili sitalisema. Mkisema hivyo hamjamkosea Mungu wala Kanisa. Frateri akiona uso wenu haukubadilika, na yeye akafunga daftari lake kwa adabu na kuendelea kunywa maji, hapo mtajua kwamba anaandaliwa vizuri kuwa padre.